TAHADHARI: Seli feki za chumvi za mabwawa ya kuogelea zinafungwa majumbani hapa Dar

Wakuu, kama una bwawa nyumbani, au unamsimamizia mtu nyumba yenye bwawa, iwe Mbezi Beach, Masaki, Kigamboni au popote pale, soma hii kabla hujatuma hela. Kuna jamaa anauza na kufunga mashine za kutengeneza klorini kwa chumvi. Wateja anawapata Instagram, na wengine analetewa na walinzi na watunza bustani anaowaachia chochote kwa kila nyumba. Mimi ni fundi wa mabwawa, na kazi yake naikuta ikishaharibika: maji ya kahawia, filta imeziba, na mwenye nyumba anapiga simu haipokelewi.

Mashine yenyewe si utapeli. Ikiwa halisi, ni kitu kizuri. Unayeyusha chumvi bwawani, gramu 3 hadi 3.5 kwa kila lita, karibu moja ya kumi tu ya chumvi ya baharini. Maji yakipita kwenye seli, yaani kile chombo cha kwenye bomba chenye sahani za kupitishia umeme ndani, umeme unatoa klorini kwenye ile chumvi, klorini inaua vijidudu, kisha inarudi kuwa chumvi na mzunguko unaendelea. Kwa hiyo anayekuuzia “bwawa lisilo na klorini kabisa” ameshakudanganya tangu kwenye tangazo. Klorini ipo, ila inatengenezwa hapo hapo kwako badala ya kununuliwa kwenye ndoo.

Ujanja wa huyu bwana uko ndani ya seli. Seli halisi ina sahani za titani zilizopakwa oksidi ya rutheni au ya iridi, na mpako huo ndio unaozifanya zivumilie umeme na chumvi kwa miaka bila kuliwa. Yeye anaweka stenlesi. Moja niliyoifungua Kigamboni ilikuwa na stika safi ya kampuni kubwa ya nje, boksi la umeme linawaka taa ya kijani vizuri kabisa, lakini sahani za ndani kingo zilikuwa zimeliwa zikawa kama msumeno, na upande mmoja unaona alama za grinda. Na haikuwa na muda mrefu tangu ifungwe! Stenlesi ikipitishiwa umeme kwenye maji ya chumvi inayeyuka, na kilichoyeyuka hakiendi popote: chuma, kromiamu na nikeli vinabaki kwenye maji wanayoogelea watoto. Ile kahawia unayoiona ni chuma. Hivyo viwili vingine huvioni.

Sasa utauliza, mbona siku ya kukabidhi kila mtu anaridhika? Kwa sababu anakuja mapema, na kabla hujashuka kuangalia ameshamwaga klorini ya unga, ile ya ndoo ya asilimia 65. Halafu anapima mbele yako, rangi inatoka nzuri, unamalizia hela iliyobaki. Anakuonyesha na mapovu madogo meupe yanayotoka kwenye tundu la kurudishia maji, “unaona bosi, inafanya kazi.” Mapovu hayo ni haidrojeni, na hata stenlesi inayatoa. Hayathibitishi kitu.

Pima hivi. Acha bwawa mpaka klorini ishuke karibu na sifuri, bila mtu kuweka dawa yoyote. Washa pampu na mashine, subiri kidogo, kisha chota maji pale pale yanapotokea ukutani na mengine katikati ya bwawa, upime yote kwa vipimo vya matone. Ya ukutani lazima yawe na klorini zaidi. Kama yote yako sifuri, hiyo seli ni pambo.

Lakini bora usifike huko. Mwambie afungue seli mbele yako kabla hujalipa hata mia. Sahani zenye mpako zina rangi nyeusi au kijivu kilichofifia, hazing'ai. Ukiona zinang'aa kama sufuria mpya, mrudishie mzigo wake. Usije na sumaku ukidhani itakuamulia, maana titani haishiki sumaku na stenlesi nyingi nazo hazishiki.

Halafu kuna ukubwa. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 ni lita 48,000. Ili tu kuyapandisha maji hayo hadi miligramu 3 za klorini kwa lita unahitaji gramu 144, na jua letu linakula klorini mchana kutwa, hasa kama hujaweka dawa ya kuikinga na jua. Yeye anafunga seli ya kutoa gramu 8 za klorini kwa saa na kukuhakikishia inatosha. Piga hesabu mwenyewe: saa 18 za pampu kwa gramu hizo tu, jua hujalihesabu. Bili ya umeme utailipa wewe.

Kwenye chumvi pia anapiga. Bwawa hilo linahitaji mifuko 3 hivi ya kilo 50. Yeye anakuuzia “chumvi maalumu” kwa bei ya ajabu, nayo ukiifungua ni chumvi ya mawe ya kawaida, ina mchanga na chokaa inayoganda kwenye sahani. Tafuta chumvi safi isiyotiwa madini joto, basi.

Linalonitisha kuliko yote ni umeme. Nyumba mbili nimekuta seli imechomekwa kwenye soketi yake peke yake, haijaunganishwa na pampu, na swichi ya kuhisi mtiririko wa maji haipo. Umeme ukikatika na kurudi, pampu ikagoma kuvuta maji, seli inaendelea kutoa haidrojeni ndani ya bomba lililofungwa. Gesi hiyo inalipuka. Kama kwako iko hivyo, chomoa leo.

Dalili za kumtambua: anataka asilimia 70 mbele akidai mzigo uko bandarini unasubiri kutolewa, risiti ni ya kuandika kwa mkono, na ukidai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anasema mashine yake ina hitilafu. Namba za simu anabadilisha, hivyo msitegemee namba.

Kama ameshakufungia na maji yamebadilika rangi: zima, watu wasiogelee, na usiongeze klorini ukidhani utayasafisha, utazidisha kahawia. Maji itabidi yatolewe, lakini usiyamwagie mboga. Seli usiitupe. Piga picha sahani, stika na namba iliyoandikwa juu yake, weka na miamala ya simu uliyomlipia, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ni kazi yao, na polisi ufungue jalada la utapeli. Wenye picha za seli zao waziweke hapa chini, nitawaambia kama ni stenlesi.