Mabinti watano nyuma ya nondo: Mustang na The Virgin Suicides

Filimu hizi mbili zinafanana kuliko unavyotarajia. Kila moja ina dakika 97, kila moja ni filimu ndefu ya kwanza ya mwongozaji wake, na zote zinahusu mabinti watano wa tumbo moja waliofungiwa nyumbani na wakubwa wanaoamini wanawalinda. The Virgin Suicides ya Sofia Coppola ni ya 1999. Mustang ya Deniz Gamze Ergüven ni ya 2015. Anayetaka kuwaonyesha wasichana wa sekondari hapa Lubumbashi aanze na Mustang. Sababu ni msimulizi.

Kwa Coppola wanasimulia wavulana wa jirani, Michigan ya miaka ya 1970, sasa wakiwa watu wazima. Waliwachungulia kwa darubini, wakasoma shajara ya Cecilia, mmoja wa mabinti, wakaweka vitu vyao, na bado hawakuambulia kitu. Cecilia ana miaka 13. Daktari anapomwambia hajafikia umri wa kujua ubaya wa maisha, anamjibu kwamba ni wazi daktari hajawahi kuwa msichana wa miaka 13. Onyesho bora ni la simu: pande zote mbili hazisemi neno, zinapigiana sahani za muziki kwenye mkono wa simu, wimbo kwa wimbo. Hapo ndipo wanapokaribiana zaidi, na hata hapo hakuna anayeuliza swali. Kasoro yake ni kubwa: ukiwatoa Cecilia na Lux (Kirsten Dunst), Therese, Mary na Bonnie huwatofautishi. Ni makusudi, ndivyo wavulana walivyowaona. Lakini huzuni yao inabaki pambo la nywele na jua.

Mustang inasimuliwa na Lale, kitinda mimba, kutoka ndani. Shule imefungwa, mabinti wamecheza baharini wakiwa mabegani mwa wavulana, na umbea umemfikia nyanya yao kabla hawajafika nyumbani. Fuatilia kifungo kinavyojengwa: simu na kompyuta zinaondolewa, yanakuja magauni mapana ya rangi ya tope, masomo ya kupika na kushona, kuta zinapandishwa, nondo zinachomelewa. Hakuna hatua inayoonekana kubwa peke yake, na hapo ndipo ustadi wa Ergüven ulipo. Lupango la kwetu, yaani ua wa nyumba, lenye vipande vya chupa juu ya ukuta linasaidia kuelewa, ila hapa chupa zingelenga wa ndani.

Na wanacheka! Wanatoroka kwenda kwenye mechi ya mpira ambako wanaume wamekatazwa kuingia. Mama mmoja wa ukoo anakata umeme wa kijiji kizima ili wazee wasiwaone kwenye televisheni. Bila kicheko hicho, msiba unaofuata usingeuma hivi. Udhaifu wake ni Erol, mlezi wao: ni ubaya mtupu, hana hata chembe ya utata ambayo nyanya anayo.

Lugha ni Kituruki. Ukipata nakala yenye maandishi ya Kifaransa, iache ile ya sauti za Kifaransa, kwa kuwa mabinti husema wote kwa mpigo na kelele hiyo ndiyo undugu wao. Anayetafsiri kwa Kiswahili aitazame kwanza mwenyewe, anyamaze pale muziki wa Warren Ellis, mtunzi wa muziki wa Mustang, unapobaki peke yake. Spika ya simu haitoshi. Ile ya Coppola ina rangi hafifu. Kwenye projekta yenye mwanga wa dirishani inafutika, kwa hiyo ngoja giza.

Zote mbili zina kujiua, na Mustang inagusia unyanyasaji nyuma ya mlango. Usiwaonyeshe wadogo wa chini ya miaka 15, na baada ya filimu awepo mama wanayemwamini, akae nao hata nusu saa.

Wengine huruka onyesho la hospitali katika Mustang. Usiliruke. Selma, mmoja wa mabinti, amepelekwa na wakwe usiku wa harusi kupimwa ubikira, na kwa uchovu anamwambia daktari kwamba ametembea na dunia nzima. Daktari ameshaona kuwa si kweli.