Jelco SA-750D juu ya Lenco ya zamani: uzoefu wangu wa kuchagua na kufunga mkono wa mashine ya santuri

Kama santuri zako nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za rumba na dansi zilizotoka Nairobi miaka ya 1970, usinunue mkono, yaani ule ufito unaobeba sindano, kwa sifa za jumla. Nunua kwa kuangalia sentimita chache za mwisho, kule ndani karibu na lebo. Huko ndiko liliko chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka. Nyimbo nyingi za wakati ule ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Magitaa yanapoachiwa na tarumbeta zinapoingia kwa nguvu, sindano imeshafika ndani kabisa, na hapo ndipo mashine nyingi huanza kupasua sauti.

Sababu yake ni hesabu tu. Santuri huzunguka kwa kasi ileile, lakini duara linazidi kuwa dogo. Kwenye santuri ya inchi 7, sindano ikiwa ukingoni hupitiwa na kama sentimita 40 za mfereji kwa sekunde. Ikifika ndani kabisa zimebaki 25 hivi. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi finyu, kwa hiyo sindano ikikaa upande hata kidogo, sikio linalijua kosa hilo papo hapo.

Mashine yangu ni Lenco L75 ya Uswisi, niliyoipata kwa baba mkubwa hapa Arusha, ambaye naye aliinunua kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Sinia lake, lile linalobeba santuri, ni zito, karibu kilo 4, na mota yake inaendesha gurudumu la mpira linalolisukuma sinia kutoka chini. Kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50 haina shida. Ugonjwa wa Lenco unajulikana duniani kote: mkono wake wa asili hulala juu ya vipande vya mpira vyenye umbo la V, na baada ya miaka hamsini mpira ule huwa umekauka na kumeguka. Wangu ulikuwa umegeuka chenga. Vipande vipya vinauzwa, tena kwa bei nafuu, na kwa anayetaka kuibakiza mashine kama ilivyotoka kiwandani hilo ni jibu zuri kabisa. Mimi nilitaka kubadilisha vichwa, yaani ncha ya mkono inayoshika sindano, na kupandisha au kushusha mkono bila kufungua mashine nzima.

Nilibaki na majina mawili mezani. La kwanza ni Rega, mikono ya Uingereza. RB300 yao ya mwaka 1983 ilishangaza watu kwa kumiminwa kwa kipande kimoja cha alumini, kuanzia kichwani hadi kwenye beringi, na hii ya sasa, RB330, imebaki kwenye njia hiyohiyo. Ni mkono mgumu, mwepisi, unaoheshimika. Lakini kichwa chake hakichomolewi, na ukitaka kuuinua unaweka washa (pete bapa ya chuma) chini yake. La pili ni Jelco SA-750D, mkono wa Kijapani wenye umbo la S, kichwa cha kuchomoa cha aina ileile inayotumika kwenye Technics SL-1200, ile mashine ya ma-DJ, kola ya kurekebisha urefu, na kikombe kidogo cha mafuta ya silikoni ya kutuliza mtikisiko. Waya wake unachomekwa kwa chini kwa plagi ya pini tano, kwa hiyo ukiharibika unabadilisha waya peke yake. Kwa mtu anayeishi mbali na fundi wa vifaa hivi, kila sehemu inayochomoka ni nafuu. Nikachukua Jelco, iliyotumika, kutoka Japani.

Jambo moja ulijue kabla ya kutoa hela: Jelco walifunga kiwanda mwaka 2020, baada ya miaka mingi ya kutengeneza mikono kwa jina lao na kwa majina ya kampuni nyingine. Ndiyo maana bei ya iliyotumika imepanda badala ya kushuka. Ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kwenye hesabu zako mapema, kabla hujalipa chochote. Mwombe muuzaji picha ya mkono ukiwa umesimama hewani bila kugusa kitu, na umuulize kama unazunguka kwa ulaini kutoka nje hadi ndani. Beringi iliyopigwa kwenye usafiri hairekebishiki kwa urahisi.

Kazi ya kufunga ndiyo iliyonipa raha kuliko kusikiliza kwenyewe. Jelco inataka milimita 214 kutoka katikati ya ekseli ya sinia hadi katikati ya mhimili wa mkono. Tundu la Lenco halikidhi hilo, kwa hiyo ilibidi kutengeneza kibao kipya cha kubeba mkono. Nilienda kwa fundi seremala mtaa wa Unga Limited nikiwa na kipande cha mninga kilichokauka vizuri. Nikamweleza kipimo, akakirudia mara mbili.

“214, siyo 213?”

“214, fundi, katikati kwa katikati.”

“Basi futi itatudanganya. Tutengeneze kipimo chake chenyewe.”

Akachana ufito mwembamba, akatoboa tundu upande mmoja liingie kwenye ekseli bila kucheza hata kidogo, kisha kwa venia, kile kipimo cha kubana, akapima na kupigilia msumari mwembamba upande wa pili. Alipouvika ufito kwenye ekseli na kuuzungusha, ule msumari ulichora tao juu ya mninga. Popote utakapotoboa kwenye tao lile, umbali ni 214. Sijaona njia safi kuliko hiyo, hata kwa vifaa vya kununua.

Katriji niliyochagua, yaani kile kidude kinachoshika sindano na kufungwa kwenye kichwa, ni Audio-Technica VM95, kwa sababu moja kubwa: mwili ni mmoja, sindano ni nyingi. VM95C ina sindano ya ncha ya duara, VM95E ya duaradufu, na zipo nyingine kali zaidi juu yake. Unachomoa moja unapachika nyingine. Skrubu zinaingia moja kwa moja kwenye mwili wa katriji, hakuna nati za kudondoka kwenye zulia. Watu hupenda kuuliza kama mkono na katriji vinaendana. Kanuni yake: jumlisha uzito-mwendo wa mkono (uzito ambao sindano inauhisi mkono ukisogea) na uzito wa katriji na skrubu kwa gramu, zidisha kwa ulaini wa sindano (namba ya jinsi inavyonesa), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Jibu ni mtikisiko wa asili wa mkono na katriji vikiwa pamoja, na likiangukia kati ya hezi 8 na 12 uko salama. Angalizo: Audio-Technica huandika ulaini uliopimwa kwenye hezi 100, nao unapaswa kuzidishwa kwa moja na nusu hadi mbili kabla ya kuutumia hapa. Nikichukua jumla ya gramu 24 na ulaini wa 12, napata kama 9.4. Vizuri kabisa.

Sasa uzito wa sindano. VM95E inataka gramu 1.8 hadi 2.2, na mimi nimeiweka kwenye 2. Arusha tuna bahati moja ambayo miji mingine haina: mizani ya vito. Jirani yangu ni mama anayefanya biashara ya tanzanite, mizani yake inasoma hadi sehemu ndogo sana.

“Mama, shikamoo. Inasoma gramu?”

“Marahaba. Inasoma, ila mimi naiamini kwenye karati.”

Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo gramu 2 ni karati 10 kamili. Tatizo la mizani hii ni kwamba sahani yake iko juu kuliko uso wa santuri, na mkono uliopandishwa husoma tofauti. Nilikata ukanda wa kopo la soda, nikaukunja ushuke hadi usawa wa santuri, nikaweka mizani kwenye sifuri ukanda ukiwa juu yake, ndipo nikashusha sindano. Kopo ni alumini, halivutwi na sumaku ya katriji. Bati la chuma lingetoa jibu la uongo. Nikasogeza uzani wa nyuma kidogo kidogo mpaka mizani ikasoma 10.02, nikaacha hapo.

Kuhusu pembe ya katriji, zipo shule mbili kubwa, zenye majina ya waliozipigia hesabu. Ile ya Baerwald huweka sindano sawasawa kabisa na mfereji kwenye milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati, na inafaa santuri kubwa kwa ujumla. Ya Stevenson huchagua 60.3 na 117.4, yaani inajali zaidi upande wa ndani. Santuri ndogo inaweza kuchorwa hadi milimita 54, kwa hiyo kwa chemko la upande B mimi nasimama na Stevenson bila kusita. Mpangilio wa kiwandani wa Jelco wenyewe, sindano kuivuka ekseli kwa milimita 15, unakaribia sana huko. Kutoka Stevenson kwenda Baerwald unasogeza katriji mbele karibu milimita 2 na kuigeuza ndani kama digrii moja. Hapo ndipo kichwa cha kuchomoa kinapolipa: nina vichwa viwili, kimoja na VM95C kwa Stevenson kwa ajili ya ndogo, kingine na VM95E kwa Baerwald kwa ajili ya kubwa. Kubadilisha ni kufungua pete, kuchomoa, kuchomeka, kisha kukagua uzito na urefu.

Sindano ya duara kwa santuri zilizochoka ni maoni yangu, na najua wapo watakaobisha. Nyingi zilipigwa baa na kwenye vigramafoni vya kubeba vyenye mikono mizito. Kwenye zangu, ile ya duara inatoa mkwaruzo mdogo zaidi.

Matokeo? Nina santuri kadhaa za ndugu wa Kinyonga, wale walioanzisha Arusha Jazz hapa mjini kabla ya kuhamia Nairobi na kuwa Simba Wanyika. Zamani saksafoni ilikuwa ikifika mwishoni inageuka kelele za bati. Sasa naisikia pumzi ya mpigaji, na gitaa la kati linabaki mahali pake halizamishwi. Santuri ni zilezile na spika ni zilezile.

Nisichokipenda: kola ya urefu inashikwa na skrubu ndogo, na ukiilegeza bila kuushikilia mkono unashuka ghafla. Shikilia kwa mkono mmoja, weka kisanduku cha kiberiti chini yake kama kinga. Mafuta ya silikoni weka machache, hasa msimu wa vumbi, maana kikombe kiko wazi na kinakusanya kila kitu. Mimi hufunika mashine kila nikimaliza. Na ukisikia mngurumo baada ya kufunga, kagua waya wa ethi kutoka kwenye mkono hadi kwenye amplifaya kabla hujagusa kingine. Kwenye Lenco, bamba la juu la chuma nalo liunganishwe na ethi hiyohiyo.

Anayeanza leo na santuri kubwa tupu, anayetaka kitu kipya chenye dhamana, achukue Rega. Mwenye lundo la santuri ndogo na fundi seremala mwenye jicho, atafute Jelco nzima, na anunue kichwa cha pili siku hiyohiyo.