Mkasi wa kupogolea wa inchi 8 kwa mipilipili: unakata vizuri, ila kutu na springi ni shida

Kaskazi ikielekea ukingoni, mipilipili ya Malindi huwa imechoka: matunda madogo, majani ya chini yamepukutika, matawi yamelala. Wengi huing'oa. Pilipili kichaa na pilipili mbuzi si mimea ya msimu mmoja, na zikipunguzwa kabla ya masika huchipua na mvua zikazaa tena. Panga hupasua shina, kwa hiyo mkasi ndio wenyewe.

Huu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa mjini una makali yanayopishana, kama mkasi wa fundi cherehani. Usiuchanganye na ule ambao kisu kimoja hushukia kibao cha chuma. Tazama kidonda tu: makali ya kupishana huacha duara safi, kijani pembeni, cheupe katikati. Kibao huacha ganda lililopondeka, lenye nyuzi, na tawi huanza kukaukia hapo likishuka hadi kupita jicho ulilotegemea lichipue.

Acha mti wa sentimita 30 hadi 45, matawi makuu matatu au manne. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho, na bakisha majani kadhaa. Mti uliobaki kigogo kitupu huchelewa kuchipua au hufa. Shina la unene wa kidole gumba mkasi hauliwezi. Ukiulazimisha kwa kuupindapinda, skrubu ya katikati hulegea, makali yakaachana, na hapo hata karatasi haukati. Tafuta msumeno mdogo.

Hatari yake kubwa ni kubeba ugonjwa. Mti wenye majani ya mabaka, au ulionyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi, usiukate, ung'oe uuchome. Ukikuta vinundu kwenye mizizi yake, pale usirudishe pilipili wala nyanya. Kati ya mti na mti futa makali kwa spiriti. Jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, nayo inafaa, lakini inakula chuma, basi suuza na ukaushe papo hapo.

Na chuma chenyewe si cha pwani. Rangi nyeusi ya makali huzuia utomvu usigande, ila nati ya katikati haina kinga, na upepo wa chumvi huanzia hapo. Kila jioni osha, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani. Ukinoa, pitisha tupa laini upande wenye mteremko tu. Ukigusa upande bapa, makali hayakutani tena.

Springi haikushikizwa na chochote. Mkasi ukifunguka sana hufyatuka, na kwenye mchanga huioni tena. Fanyia kazi juu ya mkeka, au mwambie muuzaji akupe ya akiba kabla hujalipa.