Fulana za vichaa wa ndege za kivita: ipi ununue, ipi uiache sokoni

Nianze na aibu yangu. Fulana ya kwanza ya ndege niliyonunua iliandikwa "Spitfire" kifuani kwa herufi kubwa, na chini yake ikachorwa ndege nyingine kabisa, P-51 Mustang. Nikaivaa miezi miwili, kifua mbele. Siku moja ndani ya daladala nikamwamkia mzee aliyekaa jirani. Akaitikia marahaba, akaitazama fulana kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, Spitfire yako imeota kitambi lini?" Alikuwa ananionyesha lile domo la rejeta lililo chini ya tumbo la Mustang. Spitfire halina hilo domo. Rejeta zake zimefichwa chini ya mabawa, na mabawa yenyewe yamechongeka kama jani. Tangu siku hiyo nakagua ndege kwanza, kitambaa baadaye, na orodha hii nimeipanga kwa mizani hiyohiyo.

Ya kwanza kwangu ni ile unayojichapishia. Sababu ni kwamba mzaha mzuri kuliko yote wa ndege za kivita ni wa kwetu, na sijawahi kuuona dukani. Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, Libya iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin ilituma ndege ya mabomu aina ya Tu-22 kuishambulia Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane penye hifadhi ya wanyama, na walioonja joto ya jiwe wakawa swala. Basi chora kivuli cha Tu-22, zile injini mbili zimempanda mgongoni huku na huku mwa mkia, chini yake swala mmoja ameinua shingo, na maneno mawili tu: "Saanane 1979". Anayejua atacheka, asiyejua atauliza. Ndugu zangu wa Kenya mnayo F-5 yenu ya Nanyuki. Ni ndege yenye umbo zuri mno kuachiwa vitabuni.

Ukienda kwa fundi, nenda na mchoro wako. Ukimwambia tu "niwekee MiG-21" atachukua picha ya kwanza atakayoikuta kwenye intaneti, na hapo lolote laweza kutokea. MiG-21 mdomo wake wa kuvuta hewa uko puani, na katikati ya mdomo kuna koni. F-16 ina mkia mmoja wa wima na mdomo chini ya tumbo. MiG-29 ina injini mbili na mikia miwili. Ukikosea hayo matatu umeharibu fulana. Angalia pia picha isiwe imegeuzwa: nimewahi kuletewa kazi ambayo namba za mkiani zilisomeka kinyumenyume kama kwenye kioo.

Kwa fulana moja au mbili, chapa ya DTF inatosha, ile ya karatasi laini inayobanwa kwa mashine ya moto. Mkiwa kikundi, fanyeni ya skrini, maana kila rangi inatengenezewa fremu yake na gharama ya fremu hupungua mkigawana. Inadumu zaidi. Kabla hujalipa, ivute chapa kwa vidole viwili: ikionyesha nyufa hapohapo dukani, kwenye beseni haitamaliza mwezi. Fulana tupu nunua ya pamba yenye gramu 180 hivi kwa mita ya mraba. Zile za 140 ukisimama juani kila mtu anaona singlendi yako.

Ya pili ni mtumba, na siku ukibahatika inaipiku ya kwanza. Kwenye marobota yanayofunguliwa soko la Karume jijini Dar, au Gikomba kwa walioko Nairobi, hupenya fulana za vikosi halisi vya anga vya Marekani: nembo ndogo kifuani upande wa kushoto, mchoro mkubwa mgongoni. Muuzaji mara nyingi hajui alichoshika, nawe usimwonyeshe kwamba umejua. Igeuze ndani nje, kagua kwapa na ukosi, kisha ijaribu mwilini. M ya Mmarekani ni L yetu. Nawahi asubuhi, maana vijana wanaochagua kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, hawalali.

Ya tatu ni ile nyekundu yenye maneno "REMOVE BEFORE FLIGHT". Maneno hayo yako kwenye tepe nyekundu zinazoning'inizwa kwenye pini za magurudumu na vifuniko vya mirija ya kupimia mwendo, ili fundi asisahau kuvitoa ndege ikiondoka. Kwamba fulana nayo ivuliwe kabla ya kuruka, ndio utani wenyewe. Imezoeleka, lakini hakuna ndege ya kukosea kuchora.

Inafuata ya A-10 iliyoandikwa "BRRRT", mlio wa mzinga wake wenye mitutu saba wa milimita 30, unaofyatua risasi 3,900 kwa dakika. Inachekesha mara moja. Mara ya pili unajikuta unaigiza mlio ule mbele za watu, kama mimi kwenye harusi ya binamu yangu.

Yenye mabaka ya kijeshi sijaipa nafasi yoyote, hata iwe na ndege sahihi kiasi gani. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, na Kenya nako mabaka yatakuletea kesi. Muuzaji atakuapia kwamba "hii ni fasheni tu". Atakayekusimamisha barabarani hatamtafuta muuzaji.

Mkiani kabisa ziko zile zilizojaa picha mbele na nyuma, F-22 inapasua mawingu hadi mikononi. Rangi ya namna ile haishiki pamba, kwa hiyo kitambaa ni poliesta tupu, na kwa joto la Dar utavaa jiko. Niliyokuwa nayo mke wangu aliifanya tambara la jikoni. Juzi kanirudishia: hata maji haifyonzi.