Kapeti la Kituruki la Kariakoo, nimekaa nalo mwaka na ushee, haya ndo maoni yangu

Watu wananiuliza sana lile kapeti la sebuleni nimelitoa wapi na nimelinunua shingapi, kwaiyo acha niandike mara moja niwe nawatumia hii. Ni kapeti la Kituruki, manyoya mafupi yale ya kulala, kijivu na maua ya bluu yaliyopauka kwa makusudi (ndo fasheni, usidhani limechakaa), nimelichukua Kariakoo kwa laki mbili na ishirini baada ya kuanziwa laki tatu na nusu. Duka sina haja ya kulitaja sababu ukizunguka maduka ya makapeti pale utakuta mengi yana mzigo uleule, tofauti ni maneno ya muuzaji na bei atakayokuanzia akikuangalia umevaaje.

Kwa ufupi ni zuri na ningelinunua tena. Ila sio kwa sababu wanazosema wao dukani.

Kapeti linachaguliwa kwa mgongo, sio kwa sura. Mbele kila kapeti ni zuri, zile taa za dukani zinang'arisha kila kitu, af kijana anakutandikia moja juu ya jingine haraka haraka mpaka macho yanachanganyikiwa. Yule aliyeniuzia mimi alianza:

"Karibu dada angu, hii og kabisa, Uturuki hii."

"Geuza kaka nione mgongo."

"Mgongo wa nini tena dada, si utakanyaga juu?"

Akageuza lakini. Na mgongo ndo unaongea ukweli wote. Kapeti lililofumwa na mashine ya kueleweka utaliona ua lile la mbele limetokea na nyuma, na katikati zinapita nyuzi za rangi ya gunia, ukilishika ni gumu kidogo ila linakunjika. Lile la kubandikwa nyuma kuna kitambaa kimegandishwa na gundi ya mpira, mara nyingi cheupe au kina vidoti vidoti, ua hulioni kabisa. Hiyo gundi ndo itakayokutesa mbeleni, nitafika huko.

Baada ya mgongo panua manyoya kwa vidole viwili uangalie chini kabisa kwenye shina. Kama uzi una rangi mpaka chini, sawa, uzi wenyewe una rangi. Kama juu ni bluu chini ni weupe mtupu basi ua limechapwa juu kama kitenge, na pale mlangoni watu wanapopita patapauka kabla ya kwingine.

Kuhusu "og Uturuki", kila mtu anasema Uturuki hata mzigo ukiwa wa China. Tafuta lebo iliyoshonwa pembeni kwa nyuma. Waturuki makapeti yao ya mashine kwa sehemu kubwa yanatoka mji unaitwa Gaziantep, kusini mashariki kule, ukikuta umeandikwa ni dalili nzuri. Ya Iran nayo yapo, na wale wanauza kwa namba, utaskia 700, 1000, 1200, hapo wanahesabu nyuzi zilivyobanana kwenye mita moja ya upana, namba ikipanda ua linakuwa na nakshi ndogo ndogo zaidi na bei inapanda nayo. Kwa sebule yangu na wanangu wawili 1200 ya kazi gani.

Lebo hiyohiyo itakwambia na saizi ya kweli, na hapa muwe macho. Wauzaji wanaongea kwa futi ila kapeti limetengenezwa kwa sentimita. Langu wao wanaita sita kwa tisa, lebo inasema 200 kwa 290, maana yake nimezidishiwa, safi. Ila lile la 160 kwa 230 wanaliita tano kwa nane na hapo urefu umepunjwa karibu nusu futi, ukiweka mbele ya sofa la L ndo unashangaa mbona limekaa katikati peke yake limenuna. Pima nyumbani kwanza, weka alama chini na chaki au tandaza magazeti, na hakikisha miguu ya mbele ya masofa inalikanyaga kapeti, hapo sebule inatulia. Na pima nafasi chini ya mlango! Hii watu hawaifikirii, mlango unafungukia ndani, kapeti la manyoya marefu linausimamisha, mwisho fundi anaitwa kukata mlango.

Sasa material. Langu ni polipropilini, yaani plastiki, tusidanganyane. Uzuri wa plastiki hainywi maji, mtoto akimwaga juisi inakaa juu ukiwahi unaikausha inaisha. Ubaya wa plastiki ni moto. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu hivi na kaa la mkaa liko juu ya hapo mara kadhaa, kwaiyo nyie wa udi na ubani chetezo kikae kwenye tailizi au juu ya sinia, cheche moja tu ikidondoka inaacha tundu jeusi gumu ambalo hakuna fundi atalitoa. Kapeti la sufu haliyeyuki hivyo, uzi wake ukiuchoma unanuka nywele zilizoungua na unabaki majivu, wakati plastiki inajikunja inakuwa kijipunje kigumu. Omba uzi uliochomoza pembeni uende nao nje ujaribu na kiberiti, usijaribu ndani ya duka la watu tafadhali. Kuna na yale yanayong'aa ng'aa kama hariri, mengi ni viskosi (hariri ya bandia), mazuri macho yanaona, ila yakiguswa na maji yanaacha doa la manjano, mwenye watoto ayaache hukohuko.

Sufu ya kweli kwa bei yangu mimi utaipata mitumba tu, Karume pale Ilala ukienda na subira. Shida yake nondo anaipenda na kunguni anaweza kuja nayo, kwaiyo kagua mishono ya pembeni kwa tochi ya simu kabla hujatoa hela.

Nije kwa upande wa pili, manyoya. Mdogo wangu anakaa jirani, yeye alichukua lile la manyoya marefu laini ambalo kila mtu analo Instagram, na sikatai, siku ya kwanza ukikanyaga unataka ulale hapohapo. Ila chembe za mkate, shanga, pini, punje za wali, vyote vinazama humo havitoki. Fagio la chelewa linayavuta manyoya, vakyumu yenye brashi ya kuzunguka inayasokota. Mwanae ana pumu na vumbi la mle ndani halimsaidii. Na sasa ile gundi ya nyuma niliyosema, imeoshwa imeanikwa juani imeoshwa tena, imekauka imeanza kupukutika, ukiinua kapeti unakuta unga mweupe umetapakaa kwenye tailizi umeganda na kuganda. Anafagia kila wiki na hauishi. Kama unalitaka kwa chumbani ambako hamna chakula wala viatu, haya, sebuleni hapana.

Kuosha ndo mtihani mwingine, na hapa niwape review ya hawa vijana wa car wash maana makapeti ya mtaani kwetu yote yanapita kwao. Langu wanaosha kwa elfu kumi na tano. Nguvu wanayo, maji wanayo, shida yao sabuni. Wanamwaga ya unga ya kutosha, wanasugua povu mpaka barabarani, af suuza yao ya haraka, kapeti linarudi linanukia vizuri na baada ya muda mfupi ni chafu kuliko mwanzo sababu sabuni iliyobaki kwenye nyuzi inanata vumbi. Siku hizi nasimama hapohapo nawaambia kaka suuza mpaka maji yatoke meupe, wananuna ila wanasuuza. Na usipokee kapeti bichi limekunjwa. Langu likianikwa juu ya ukuta jua la Dar linakauka siku hiyohiyo, la mdogo wangu masika linakaa siku kadhaa mpaka linaanza kunuka uvundo, na likishanuka uvundo huo hautoki kirahisi.

Nyumbani mimi nafagia na fagio laini kufuata manyoya yanakolalia, wikiendi nalitoa nje nalikung'uta. Kila baada ya miezi michache naligeuza, upande wa dirishani uende ukutani, maana jua linapausha. Makumbusho ya Victoria and Albert kule London wana zulia la Ardabil la Iran la mwaka 1539 au 1540 hivi, taa yake wanaiwasha dakika 10 tu kila saa kamili na kila nusu saa ili rangi zisife. Sisi tunafungua pazia kuanzia saa moja asubuhi af tunashangaa.

Doa likidondoka usisugue, kandamiza na kitambaa kikavu kuanzia pembeni kuja katikati, ukisugua unalitandaza tu. Mafuta mwagia bekingi soda, acha lilale, fagia asubuhi. Mchuzi wa manjano ndo unatisha ila kuna siri, ukishaosha na sabuni ya maji kidogo rangi ikabaki, toa pale palipoingia doa pakae juani, manjano haivumilii jua, inafifia yenyewe.

Mabaya ya langu nayo niyaseme. Chini ya meza ya kahawa limelala na halinyanyuki tena, plastiki ikishakandamizwa imekandamizwa. Kona mbili zilikuwa zinajikunja, nikaziviringisha kinyume nikawekea ndoo ya maji zikakubali. Kwenye tailizi linateleza, bibi akija roho juu, ikabidi nitafute ule mpira wa wavu wa kuweka chini, huo ununue siku hiyohiyo usisubiri mtu aanguke. Na sio laini, wageni tukikaa chini kula pilau natandika mkeka juu yake. Tena kwa anayekaa nyumba ya chini yenye sakafu ya simenti inayotoa unyevu, mimi ningemwambia mkeka wa ukindu unamtosha kabisa, unaufuta na kitambaa tu.

Nalipa alama nane kwa kumi. Nenda asubuhi siku ya kazi, ukikaribia Idi au Krismasi hawapunguzi. Waambie waliviringishe wasilipige mikunjo, bajaji inalibeba likatokeza pande zote mbili na dereva ataongeza elfu mbili juu, mpe tu. Wanaouliza rangi, ya krimu zipo nyingi na zinavutia, ila kama una watoto na mchuzi wako unatia manjano hizo waachie wenye hoteli.