Uzoefu wangu na kliniki ya sheria ya wanafunzi: kesi ya nyumba yangu

Ndoa yangu ilipovunjika, mimi na mume wangu tuligombania nyumba. Wakili wa kwanza niliyemfuata alinitajia pesa ambayo kwa vitumbua vyangu nisingeimaliza kulipa. Jirani akanielekeza kwenye kliniki ya sheria ya chuo kimoja hapa Dar, ambako wanafunzi wanasikiliza watu bure chini ya usimamizi wa mwalimu wao.

Nilipokelewa na binti na kijana, rika la wanangu. "Shikamoo mama, karibu." Moyoni nikasema, hawa wataniweza? Walinisikiliza saa nzima bila kunikatiza, kisha binti akaniomba nianze upya, mwaka kwa mwaka. Nikamwaga mezani risiti za saruji na mabati, nyingine zimefifia. Aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, kila aliyoisoma akaiandika tarehe nyuma kwa penseli.

Mume wangu alishikilia kwamba nyumba ya Chanika ni yake, mimi nilikuwa nakaa nyumbani tu. Kijana akanisomea kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachohusu kugawana mali ya ndoa, akanieleza na kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: tangu 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka 19 ya kupika, kufua na kulea! Nililia pale pale.

Walinituma kwanza baraza la usuluhishi la ndoa nikachukue fomu namba 3, ile inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo wakaandika madai. Mwalimu aliyarudisha mara mbili, wino mwekundu kila mahali: nani alinunua, lini, kwa pesa ipi? Hapo ndipo nilipowaamini.

Mahakama ya mwanzo nilijisemea mwenyewe, maana wao bado ni wanafunzi. Lakini walishanifanyisha mazoezi: kijana akawa hakimu, binti akawa mume wangu, akanibana kwelikweli. Siku yenyewe sikutetemeka, na sehemu yangu ya nyumba nikaipata.

Kilichoniumiza ni msimu wa mitihani. Wiki tatu sikupata mtu, halafu akaja mwanafunzi mgeni akaniuliza yote tangu mwanzo. Mambo ya ndoa yanachoma kuyarudia. Chuo kiwawekee utaratibu wa kukabidhiana mafaili.

Ukienda, wahi asubuhi. Beba cheti cha ndoa na risiti zote, hata zilizofifia.