Gari la spoti lililokuwa la polisi: kagua matundu kwanza, injini baadaye

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya nne tangu nilete gari nyumbani. Nilikuwa nimeliegesha nje, hapa Coventry, bado nina kile kiherehere cha mtu mwenye kitu kipya, kila dakika kumi nachungulia dirishani. Asubuhi nikafungua mlango, nikapokewa na harufu ya godoro lililosahauliwa mvuani.

Ilikuwa MGB GT ya 1967, gari la spoti la Uingereza la kampuni ya MG, lenye paa la bati, nyeupe, na kwa maneno ya muuzaji ilikuwa ya polisi wa doria. Msidhani nilikwenda kichwa kichwa. Nilisikiliza injini ikiwa baridi, nikatazama moshi, nikajaribu breki, nikapapasa chini ya milango yote miwili. Nilichokiona nikakiacha ni doa la kahawia kwenye kitambaa cha dari, ukubwa wa kisahani cha chai. Niliambiwa ni moshi wa sigara za mwenye gari wa zamani. Nikakubali! Mimi huyu ambaye nikiwa sokoni Tanga embe moja nalibonyeza mara tatu.

Baba Salma, mume wangu, akashusha kitambaa. Juu yake, katikati ya bati la paa, kulikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Lilikuwa limezibwa kwa sarafu ya peni mbili, puti ikapigwa juu, rangi ikapakwa, kazi imekwisha. Sarafu yenyewe ni ya 1988. Ukingo wa tundu ulikuwa chuma kitupu kinachong'aa, hauna tabaka hata moja la rangi ya zamani. Polisi wa miaka ya sitini hawakulitoboa tundu lile. Aliyelitoboa ni mtu aliyetaka kufunga kibao cha POLICE juu ya gari la kawaida ili alikodishe kwa maharusi au kwa wapiga picha, na alipochoka akaking'oa akaziba kwa peni mbili. Mimi nililipa pauni elfu nne zaidi ya bei ya MGB GT ya kawaida kwa ajili ya "historia". Ndugu zangu, niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe linavuja.

Kwa hiyo leo sisemi habari za farasi wa injini wala mwendo. Hayo kila mtu atakwambia. Mimi naongelea matundu.

Gari la doria lilivishwa vitu. Kengele ya kromu kwenye bampa la mbele, kwa sababu ving'ora tunavyovijua vilikuja baadaye. Antena kwenye bawa la nyuma, yaani bati la juu ya gurudumu, au kwenye buti. Sanduku la redio, zito kama mzigo wa mahindi, limefungwa kwa nati sakafuni mwa buti. Nyaya zake zikapenya ukuta wa injini, lile bati linalotenganisha injini na abiria. Kwenye dashibodi kukawa na mahali pa kutundikia kipaza sauti na pa spidomita iliyopimwa, ambayo ushahidi wake ungesimama mahakamani. Kila kimoja kati ya hivyo kilihitaji tundu. Gari lilipochoka likauzwa, vitu viling'olewa na matundu yakazibwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Maji yameingia humo miaka sitini, taratibu, mahali ambapo jicho halifiki.

Lakini hayo hayo matundu ndiyo cheti. Lisilo na matundu si la polisi, hata muuzaji akuletee picha iliyotiwa plastiki. Unayatafuta kwa sababu mbili zinazogombana: ukiyapata una hofu ya kutu, ukiyakosa una hofu ya kutapeliwa. Mimi siku hizi naikaribisha hofu ya kwanza.

Namna ya kuyatafuta ni hii. Chukua sumaku ya friji, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, itembeze polepole kwenye bawa la nyuma, buti, na paa kama lipo. Ikilegea ghafla, hapo kuna puti. Kisha inua zulia la buti, ondoa tairi la akiba, tazama sakafu kutoka chini ukiwa umelala chali. Tundu la zamani lina tabaka za rangi ndani ya ukingo wake, na kutu yake ni nyeusi, imezeeka. Aghalabu utakuta pia kipande cha bati kilichoongezwa kwa ndani ili kubeba uzito. Tundu la juzi linang'aa. Mwisho ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi. Huko ndiko waongo hawafiki, kwa sababu panaumiza shingo.

Sasa orodha yangu ya magari ya spoti ya polisi yanayofaa kununuliwa. Nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa MG na sitaomba radhi.

Ya kwanza: MGB

Hata baada ya yaliyonikuta. Ilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha ndugu zake zote ni zaidi ya magari laki tano, kwa hiyo spea zimejaa kama dagaa. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,798 yenye kabureta mbili za SU, na fundi yeyote mwenye subira ataielewa. Polisi wa Lancashire walikuwa nazo nyeupe, wakizitumia kwenye barabara kuu mpya. Msisahau ni mkoani kwao, karibu na Preston, ndiko kipande cha kwanza cha barabara za namna hiyo Uingereza kilipofunguliwa Desemba 1958. Barabara kuu ya M1 ilifuata mwaka mmoja baadaye. Hakukuwa na kikomo cha mwendo mpaka Desemba 1965 walipoweka maili 70 kwa saa. Askari mwenye gari la familia angeishia kusoma namba za watu kwa mbali.

Shida ya MGB ni kwamba haina chesisi inayojitegemea, yaani fremu ya chuma ya chini; bodi ndiyo chesisi. Chini ya milango kuna tabaka tatu za bati, na maji yanayoingia kwenye tundu la ukuta wa injini yanateremka mpaka humo na kukaa. Utaona bati la nje limenyooka na rangi inang'aa, kumbe la ndani limekuwa biskuti. Vilevile hadi 1974 ilikuwa na betri mbili za volti sita nyuma ya viti, chini ya sakafu, na vikapu vyake huoza kimya kimya. Pitisha mkono huko.

Na hapa pana mtego ambao sijaona mtu akiuandika. Tangu 1988 bodi mpya kabisa za MGB zinatengenezwa upya kwa kalibu na mitambo ya kiwandani ya zamani. Ni jambo zuri, limeokoa magari mengi. Lakini gari la polisi lililohamishiwa kwenye bodi mpya limeacha matundu yake yote kwenye bodi ya zamani, na bodi hiyo imekwenda kwa wauza vyuma chakavu. Umebaki na namba ya gari na karatasi. Je, hilo bado ni gari la polisi? Wauzaji wanasema ndiyo, kwa bei kamili. Mimi nasema ni MGB nzuri sana, ilipwe bei ya MGB nzuri sana.

Ukiwa na hela zaidi tafuta GT V8, yaani ya silinda nane, ya 1973 hadi 1976, yenye injini ya Rover ya sentimita za ujazo 3,528. Polisi wa Thames Valley walizitumia. Zilitengenezwa 2,591 tu, za polisi ni kiganja kati ya hizo, na kila mwenye GT iliyobadilishwa injini gereji anadai yake ni mojawapo. Namba ya chesisi ndiyo itakayosema.

Ya pili: Daimler SP250, yaani Dart

Hili ni gari la mji wangu, Coventry, na sura yake ni ya kambare. Siwatanii, tazameni mdomo ule. Lakini ndani kuna V8 ya sentimita za ujazo 2,548 iliyobuniwa na Edward Turner, mtu wa pikipiki, na sauti yake ukiisikia unasamehe sura. Polisi wa London walinunua zaidi ya ishirini, nyeusi, za gea otomatiki, kuwafukuza vijana wa pikipiki waliokuwa wakitafuta maili mia kwa saa kwenye barabara ya North Circular, karibu na mgahawa wa Ace Cafe. Kwa hiyo ukiambiwa hii ilikuwa ya London na ukakuta klachi, yaani gea za mkono, uliza gea ya asili ilikwenda wapi. Usiondoke hapo kabla hujajibiwa.

Bodi ni ya fiberglasi, haipati kutu, na wengi wanadhani basi matundu si kitu. Si hivyo. Fiberglasi ikitobolewa hupasuka kama nyota kuanzia kwenye tundu, na puti haizuii kitu kwa sababu gari lenyewe linajipinda. Zile za mwanzo zilijipinda kiasi cha milango kufunguka kwenye kona! Baada ya Jaguar kuinunua Daimler mwaka 1960 waliiimarisha chesisi, na toleo la 1961 kuendelea ndilo la kutafuta. Chesisi ni ya chuma, na yenyewe inaoza kama kawaida. Zilizotengenezwa hazifiki 2,700 zote, na bei inajua hivyo.

Ya tatu: Triumph TR4

Nayo ya Coventry, 1961 hadi 1965, mchoro wa Michelotti wa Italia. Polisi wa Southend-on-Sea walikuwa na Triumph za aina hii, na upepo wa bahari mnaujua unachokifanya kwenye bati. Injini ina undugu na ile ya trekta la Ferguson la kijivu, na hilo nalitaja kama sifa: silinda zake hutoka na kubadilishwa kama vikombe. Ina chesisi yake, kwa hiyo bodi iliyooza haimaanishi gari limekufa. Kagua matundu ya buti. Nimemaliza, si gari langu.

Ya nne: MGA

Ningeipenda iwe ya kwanza kwa uzuri. Iliundwa 1955 hadi 1962, na Lancashire walikuwa nazo kabla ya MGB. Sakafu yake ni ya mbao, naam, mbao za plaiwudi, na ile ya wazi haina mikono ya milango kwa nje. Unaingiza mkono ndani unavuta kamba. Nawaza askari aliyevaa koti zito akirudi mbio kwenye gari mvuani. Ubaya wake kwa kazi yetu ni kwamba sakafu na mabati mengi hufunguliwa kwa nati, kwa hiyo karibu zote zimeshabadilishwa, na matundu yamekwenda nayo. Kuthibitisha MGA ya polisi ni kazi ya karatasi peke yake.

Kwa wenye bajeti ndogo: nunueni MGB ya bampa la mpira ya miaka ya sabini na muachane na polisi. Basi.

Nirudi kwa wauzaji, maana bado nina donge. Hapa Uingereza gari likivuka miaka arobaini, halijabadilishwa sana, halilipi kodi ya barabara wala halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Watu wanafurahi. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu hakuna mtu aliyelala chini ya gari langu kabla yangu kwa miaka. Muuzaji anajua wewe huna lifti ya kuinulia gari uani kwako. Anajua pia kwamba mama mwenye hijabu akija na mumewe, atamweleza mume habari za injini na mke habari za rangi ya viti. Mume wangu hana leseni! Alikuja kunishikia mwavuli.

Na ile bei ya "historia". Niliomba kuona ushahidi wa gari jingine mwezi uliopita, nikaletewa kengele. Kengele yenyewe, kwenye mfuko wa duka. Kengele zinauzwa peke yake, jamani, na kisheria hairuhusiwi kuipiga barabarani, kama vile taa ya buluu isivyoruhusiwa kuwashwa. Kinachosaidia ni cheti cha kumbukumbu za kiwanda. Za MG zinatunzwa Gaydon, kwenye jumba la makumbusho la magari ya Uingereza, si mbali na hapa. Za Daimler ziko chini ya amana ya Jaguar na Daimler. Cheti kitakwambia tarehe ya kutengenezwa, rangi ya asili, na gari lilipelekwa wapi. Cha kwangu kilisema rangi ya asili ilikuwa nyekundu. Nilikiomba baada ya kulipa. Ninyi kiombeni kabla.

Nilimpigia muuzaji. Akasema labda polisi walilipaka nyeupe. Nikamuuliza habari ya peni mbili ya 1988, simu ikakatika, na tangu siku hiyo imekatika moja kwa moja.

Fundi alitaka pauni mia sita kuziba paa kwa kuchomelea na kupaka rangi upya. Nilikataa. Nimechomeka antena kwenye tundu, na pete ya mpira chini yake, pauni kumi na mbili zote pamoja. Haivuji tena, na jioni nikirudi kazini redio inashika vizuri.